Haki ya Mgonjwa Mbele ya Baraza



Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: aliyeumwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Taifa lilijua kwa sababu magazeti yalisema. Mama wa Bahi ambaye mwanawe ameumizwa zahanati hana mwandishi wa kumsemea.

Sheria imempa mahali pa kwenda. Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2016, husajili madaktari, hupokea malalamiko, na laweza kumfuta mtu katika daftari. (Jina hilo lisiwashangaze, afya si jambo la Muungano.) Wauguzi na wakunga wana Baraza lao, kwa sheria ya 2010.

Lakini Baraza nalo lamjibu nani? Daktari huhukumiwa na wenzake wa taaluma, na Serikali inayolisimamia Baraza ndiyo pia mwajiri wa madaktari wengi. Sisemi kwamba wanapendeleana. Nasema kwamba mlalamikaji asipoambiwa shauri lake limefikia wapi, atadhani hivyo, nasi hatutakuwa na la kumjibu. Mjane mmoja nilimwandikia barua mimi mwenyewe kwenda ofisi moja. Miezi minane ikapita kimya. Nami ni padre mwenye mhuri!

Basi kila kamati ya Haki na Amani imsaidie mlalamikaji kuandika, itunze nakala na tarehe, kisha idai uamuzi wa maandishi wenye sababu zake. Ukicheleweshwa, mpelekeeni mbunge nakala hizo.