Nani Anabeba Hasara? Maadili ya Biashara Kutoka Fremu za Kariakoo



Nianze na kilichonichokoza. Si muda mrefu uliopita, kwenye kongamano la wataalamu wa menejimenti hapa jijini, msomi ninayemheshimu alisimama akatamka kwamba Kariakoo hakuna maadili ya biashara, kuna ujanja tu. Hoja yake ilikuwa na mpangilio. Maadili ya kampuni, alisema, yanahitaji bodi, sera iliyoandikwa, mkaguzi wa nje, na taarifa ya mwaka inayoonyesha kampuni imeirudishia jamii kiasi gani. Fremu ya Mtaa wa Kongo haina hata kimoja kati ya hivyo. Basi tuwarasimishe kwanza. Wajibu kwa jamii utafuata wenyewe. Ukumbi ulipiga makofi, na wengine waliopiga makofi ni wanafunzi niliowafundisha mimi.

Historia ya nadharia nitaipita mbio, maana mmeifanyia mitihani. Bowen, mwaka 1953, alisema mfanyabiashara ana wajibu unaovuka faida yake. Friedman, mwaka 1970, akajibu kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida, mradi isivunje kanuni za mchezo. Freeman, mwaka 1984, akawaleta wadau mezani. Kati yao, sisi tulikuwa tumeshaandika Azimio la Arusha mwaka 1967, ambalo liliuliza swali gumu kuliko maswali ya hao wote: nani amiliki. Tuendelee.

Linaloniuma ni jinsi mjadala huo mpana ulivyotufikia ukiwa umepungua hadi umebaki neno moja: kutoa. Kampuni inachimba kisima, inakabidhi madawati, mkurugenzi anashika hundi kubwa kama mlango mbele ya kamera, na jambo limekwisha. Hata sheria yetu imeelekea huko. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Sipingi zahanati, kijiji kikipata zahanati kimepata. Lakini ichukueni kampuni inayokabidhi madawati mwezi wa tatu, na mwezi huohuo imekaa na ankara za mafundi seremala walioitengenezea samani za ofisi, imewazungusha tangu mwaka uliopita. Taarifa ya mwaka itaonyesha madawati. Fundi aliyeuza randa yake ili alipe ada ya mtoto haonekani popote katika taarifa hiyo. Wala sheria haikukusudia hivyo: Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamwagiza mkurugenzi, anapotekeleza kazi zake, ayazingatie maslahi ya wafanyakazi pamoja na ya wanahisa. Hilo ni agizo linalohusu maamuzi ya kila siku, wala haligusi sherehe za kukabidhi vitu.

Kipimo changu ni tofauti, nami nakitetea hapa mbele yenu. Ukitaka kujua maadili ya biashara yoyote, acha kuuliza imetoa nini. Uliza: mambo yakiharibika, hasara inamwangukia nani, na nani aliamua hivyo?

Sasa tuingie Kariakoo na kipimo hicho mkononi. Kila mfanyabiashara aliyeko humu anajua mali kauli. Mwenye duka la jumla anamkabidhi mchuuzi mzigo asubuhi bila fedha, bila dhamana ya hati, wakati mwingine bila hata saini. Mchuuzi anauza, jioni au mwisho wa wiki analeta bei waliyokubaliana, kilichozidi ni chake, kisichouzika mara nyingi kinarudi. Vijana wengi mnaowaona Msimbazi na Nyamwezi na mashati mabegani walianza hivyo, na wenye maduka makubwa wengi walianza hivyo pia. Mtaji wa kwanza wa mtu ni jina lake.

Shangazi yangu aliyenilea aliuza vitenge Mtaa wa Sikukuu. Daftari lake la madeni lilikuwa na jalada jeusi, nami nikiwa shule ya msingi ndiye niliyemjumlishia hesabu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Usiku mmoja hitilafu ya umeme iliteketeza fremu yake na mbili za jirani. Vitenge vilivyoungua vingi havikuwa vimelipiwa. Vilikuwa vya mzee mmoja wa duka la jumla. Yule mzee alikuja asubuhi, akamkuta shangazi amekaa juu ya ndoo nje. Akamwambia: “Mwanangu, moto huu ni wetu wote. Nusu nimesamehe, nusu utalipa Mungu akikujalia.” Juma lililofuata akamletea marobota mengine. Benki aliyokopa shangazi fedha za ukarabati nayo ilituma barua. Benki ilikuwa na sera, bodi na taarifa ya mwaka; barua yake ilitaja siku za mwisho za kulipa na thamani ya nyumba ya dhamana. Benki haikuvunja sheria yoyote, wala siilaumu kwa kufuata mkataba. Nauliza tu: kati ya wawili hao, ni nani aliyekuwa na maadili ya biashara, kwa maana ya kukubali sehemu yake ya hasara?

Mwenzangu atasema huo ni wema wa mtu mmoja, haufai kuitwa mfumo. Hapa ndipo naomba ruhusa yenu nikae kwa muda na waraka ambao nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha menejimenti.

Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya kudhibiti mikopo ya biashara kwa wenyeji, ikaiandika upya mwaka 1931. Kiini chake ni hiki: deni ambalo Mwafrika alidaiwa na mtu asiye “mwenyeji” halikuweza kudaiwa mahakamani, isipokuwa mkopo uwe umeandikwa na kuthibitishwa na ofisa wa utawala. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: kumlinda Mwafrika asizame kwenye madeni ya wenye maduka. Mwanahistoria James Brennan, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kiitwacho *Taifa*, ameeleza vizuri jinsi mji huu ulivyogawanywa kwa rangi, na sheria hii ni sehemu ya mgawanyo huo. Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, kisha uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, kisha Kariakoo. Ramani iligawa ardhi, na sheria ya mikopo ikagawa imani.

Itazameni kwa makini. Sheria hii haikumkataza mwenye duka kumkopesha Mwafrika. Ilimwambia tu kwamba akimkopesha, serikali haitamsaidia kudai. Aliyeiandika aliamini kwamba pasipo mahakama hapana wajibu: mwenye duka mwenye akili atafunga daftari, na Mwafrika asiye na hati hatakuwa na sababu ya kulipa. Imani hiyo ilikuwa na makosa. Kwa miaka mingi maduka yaliendelea kukopesha, wachuuzi wakaendelea kuchukua na kurudisha, kwa mdhamini wa mtaa, kwa shahidi msikitini, kwa jina la ukoo, kwa hofu ya aibu na kwa tamaa halali ya kupata mzigo mwingine kesho. Wenye makosa zaidi ni wale wanaoiita mali kauli desturi tu ya asili yetu, kana kwamba Mwafrika alichagua kutokuandika. Karatasi alinyimwa. Wajibu aliujenga bila karatasi, katikati ya jiji, akiwa na watu wa dini nyingine na rangi nyingine, kwa faida ya pande zote mbili. Nijuavyo mimi hakuna chuo cha biashara Afrika Mashariki kinachofundisha somo hilo, na hilo ni jambo la aibu kwetu.

Sasa rudini kwenye hoja ya kongamano. Mwenzangu anasema maadili yataanza urasimishaji utakapokamilika. Yule ofisa wa mwaka 1923 alisema wajibu unaanza penye muhuri wa ofisa. Tofauti kati yao ni lugha. Wote wawili wamemwangalia mtu wa Kariakoo anayelipa deni asilodaiwa na mahakama yoyote, wakaandika kwamba hana wajibu.

Haki inataka nipime upande wa pili, maana sitaki kuwapamba watu ambao wenyewe wanajua udhaifu wao. Kuna lumbesa: gunia la viazi linalorefushwa kwa kamba na kushindiliwa hadi mkulima anauza zaidi ya alicholipwa. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, na lumbesa bado inaingia mjini usiku. Kuna swali ambalo kila mnunuzi wa Kariakoo ameulizwa: “Unataka na risiti au bila?” Mwezi Mei 2023 maduka yalifungwa kwa sababu ya kodi na namna inavyokusanywa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja; Juni 2024 yakafungwa tena. Malalamiko mengi yalikuwa ya kweli. Lakini bei mbili kwa bidhaa moja, ya risiti na ya bila risiti, ni hasara inayosukumwa kwa mtu asiyekuwepo dukani: mgonjwa atakayekuta hospitali haina dawa. Kwa kipimo changu mwenyewe, hilo ni kosa la maadili, na haliponywi na ukarimu wa mwezi wa Ramadhani.

Na mali kauli yenyewe ina watu inaowaacha nje. Msichana aliyeshuka jana Stendi ya Magufuli akitoka mkoani, asiye na mjomba Kariakoo, hapewi mzigo. Mwanamke huulizwa jina la mume. Anayeshindwa kulipa kwa ugonjwa anaweza kufungiwa mitaa yote kwa neno moja la mtu mmoja, bila rufaa. Nimeyaweka yote haya kwenye mizani kwa muda mrefu. Hata hivyo bado naamini, na sitaacha kuamini, kwamba mali kauli ni mkataba wa haki zaidi uliopo katika biashara ya jiji hili, kwa sababu ndio pekee ambao mwenye nguvu anaingia akijua kwamba naye anaweza kupoteza.

Linganisheni na mkataba wa fremu. Hapa nazungumza polepole kwa heshima ya waliofariki. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne Mtaa wa Mchikichi lilianguka likiwa na wafanyabiashara, wateja na wafanyakazi ndani. Mashuhuda walieleza kwamba kazi ya ujenzi ilikuwa ikiendelea sehemu ya chini. Hati ya mashtaka iliyopelekwa mahakamani Kisutu ilikuwa na makosa 31 ya kuua bila kukusudia. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama, nami sitaigusa. Lakini hatukuwa wageni wa msiba huu: tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36, mwendo mfupi tu kutoka pale.

Baada ya msiba wa Novemba 2024 niliwaomba wafanyabiashara ninaowafahamu waniletee mikataba yao ya pango. Yote ilikuwa rasmi: ina mihuri, ina wanasheria, mingi kwa Kiingereza. Mpangaji analipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na mara nyingi kilemba juu yake, fedha ambayo haiandikwi popote. Asipake rangi bila idhini. Asitoboe ukuta. Asiache mzigo kwenye korido. Nilitafuta kifungu kinachomlazimu mwenye jengo kumwarifu mpangaji kabla ya kugusa nguzo au kuchimba chini yake. Katika mikataba niliyoletewa hakikuwemo. Wapangaji wana leseni, mashine za risiti, namba za mlipakodi. Urasimishaji ambao mwenzangu anausubiri wao wanao. Haukuwapa haki ya kuuliza kinachoendelea chini ya miguu yao. Kwenye mali kauli, mzigo ukiungua mwenye mali naye ameungua. Kwenye mkataba wa fremu, jengo likitikisika, kodi ya mwaka imeshalipwa.

Na utaalamu haukukosekana. Soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, lilipangwa tangu mwanzo kuwa na sehemu ya chini kwa biashara ya jumla, na paa la miamvuli ya zege. Ni mchoro unaomfikiria mpagazi na gunia lake. Moto wa Julai 2021 uliliharibu, serikali ikalijenga upya, na sasa kuna mikataba mipya ya vizimba na fremu. Hapo ndipo kauli inaweza kuingia kwenye karatasi, badala ya karatasi kusubiriwa iifute kauli.

Kwa hiyo nimekaa na wanafunzi wa sheria tukaandika kifungu kimoja, kwa Kiswahili, ambacho mpangaji yeyote anaweza kumpelekea mwenye jengo kabla ya kulipa. Kinasema hivi: “Mwenye jengo hatagusa nguzo, boriti, msingi wala ardhi iliyo chini ya jengo watu wakiwa ndani. Atawapa wapangaji wote taarifa ya maandishi siku thelathini kabla ya kazi hiyo, pamoja na kibali cha mamlaka na jina la mhandisi anayesimamia. Asipofanya hivyo, mpangaji ana haki ya kuondoka na kurudishiwa kodi yote ya miezi iliyobaki pamoja na kilemba chake. Mali ya mpangaji ikiharibiwa na kazi hiyo, mwenye jengo atailipa, ikiwemo mali kauli iliyoandikwa kwenye daftari la mpangaji.”

Nakala ziko mezani pale mlangoni. Wenye majengo mliopo, nazo ni zenu pia. Nitabaki ukumbini hadi wa mwisho aulize swali lake.