Kisu Kije Mwisho, Lakini Kije

Msikilizaji, mwanamume aliyeota matiti hapa Bariadi hutazamwa na macho ya watu muda mrefu kabla hajatazamwa na daktari. Wakati wa palizi ya pamba wenzake huvua mashati. Yeye hubaki na lake, jasho likimtiririka. Akienda kutafuta msaada, wapo watakaomwambia hilo ni suala la urembo tu, na wapo watakaomwambia akakatwe mara moja. Kauli zote mbili zina kasoro. Upasuaji wa matiti ya mwanamume ni tiba, na unastahili kulipiwa kama tiba nyingine, ila utanguliwe na kutafuta chanzo.

Kila mwanamume ana homoni ya kike, estrojeni, kwa kiasi kidogo. Mizani ikiegemea upande huo, tezi ya titi inakua. Kwa wavulana wanaobalehe hali hii hutokea kwa takriban nusu yao, na wengi hupona wenyewe ndani ya miaka 2; hao hawahitaji kisu, wanahitaji mzazi na mwalimu wanaojua hivyo. Kwa watu wazima, mara nyingi chanzo ni dawa. Efavirenz, iliyokuwa kwenye dawa za VVU (ARV) za wengi kabla Tanzania haijaanza kuhamia dolutegravir mwaka 2019, iliwaotesha matiti baadhi ya wanaume. Spironolactone hufanya vivyo hivyo: katika utafiti mkubwa wa wagonjwa wa moyo uliochapishwa mwaka 1999, mwanamume 1 kati ya 10 waliotumia dawa hiyo alilalamikia matiti kukua au kuuma. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wilaya yetu jirani ya Busega inapakana na Ziwa Victoria, na kichocho cha matumbo kikikaa miaka kinaharibu ini, tumbo linajaa maji, na dawa inayotumika kuyapunguza maji hayo ni hiyohiyo spironolactone. Mgonjwa wa namna hiyo akikatwa titi huku ini halijaangaliwa na dawa haijabadilishwa, titi linaweza kurudi. Kuanza uchunguzi hakuhitaji mashine: mgonjwa analala chali, daktari anasogeza kidole gumba na cha shahada kuelekea chuchu. Tezi hujitokeza kama kisahani kigumu kinachonesanesa chini ya chuchu. Mafuta ya unene hayana kisahani. Kisha korodani nazo zikaguliwe, maana uvimbe wake unaweza kuwa ndio mzizi.

Kwa nini basi tusitumie vidonge tu? Vipo vinavyosaidia mapema, tamoxifen kikiwamo. Lakini tezi ikikaa zaidi ya mwaka mmoja hugeuka kuwa nyuzi ngumu kama za kovu, na hapo vidonge havifui dafu. Daktari wa upasuaji hukata nusu duara kwenye ukingo wa weusi unaozunguka chuchu, mahali ambapo kovu litajificha, akaitoa tezi na kubakiza unene kidogo chini ya chuchu ili isije ikazama. Mafuta yakiwa mengi, huyafyonza kwa mrija. Hatari kubwa ni damu kuvilia ndani, ndiyo maana kifua hufungwa kwa kitambaa cha kubana.

Pingamizi zito ninalolisikia ni la vipaumbele: mkoa wetu wenye watu zaidi ya milioni 2, wenye kinamama wanaosubiri kupasuliwa na majeruhi wa bodaboda, utawezaje kushughulikia matiti ya wanaume? Nalikubali nusu. Upasuaji huu hupangiwa tarehe, kwa hiyo dharura itatangulia daima, na ndivyo inavyopaswa. Ila anayefichwa na aibu hachunguzwi, na kati ya saratani 100 za matiti, takriban 1 ni ya mwanamume. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, uliokaa pembeni ya chuchu, au chuchu inayotoa damu, hausubiri foleni. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga vitita vyake waulize chanzo ni nini, tezi imekaa muda gani na inauma kiasi gani, kabla ya kuandika neno urembo. Na kinachotolewa kisitupwe: kitiwe kwenye chupa ya formalini, kiandikwe jina na upande wa titi, kipelekwe maabara ya patholojia ya Hospitali ya Bugando, na safari ya chupa hiyo hadi Mwanza ilipiwe na bima hiyohiyo.