Gavana, Kamanda na Hazina: Mgawanyo wa Madaraka katika Utawala wa Kijerumani, 1885–1918

(Mada iliyotolewa kwa washarika katika juma la maadhimisho ya miaka 100)



Katika simulizi za wazee, utawala wa Wajerumani hukumbukwa kwa neno moja: boma. Bomani ndiko kodi ilikopelekwa, ndiko kesi zilikosikilizwa, ndiko askari walikotoka, na ndiko watu walikochapwa viboko. Kwa mtu wa kijijini Serikali ilikuwa kitu kimoja chenye mkono mmoja. Huko Berlin na Dar es Salaam mambo hayakuwa hivyo. Muda wote wa utawala ule watawala wenyewe walibishana juu ya maswali matatu: nani atawale raia, nani aamuru jeshi, na nani ashike mfuko wa fedha. Mada hii yaeleza jinsi mabishano hayo yalivyokwenda, na kwa nini mgawanyo uliopatikana huko juu ulichelewa mno kumfikia mwananchi wa chini.

1. Kampuni iliyopewa kila kitu

Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo ambayo Carl Peters na wenzake walidai kuyapata kwa mikataba. Kwa hati hiyo chama cha watu binafsi, ambacho baadaye kilikuwa kampuni ya biashara, kilipewa mamlaka ya kutawala na kuhukumu. Chansela Bismarck aliupenda mpango huo kwa sababu gharama zingebebwa na kampuni, wala si na Dola.

Mpango haukudumu. Mwezi Agosti 1888, kampuni ilipojaribu kushika utawala na forodha katika miji ya pwani, wenyeji waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Kampuni haikuwa na jeshi wala fedha za kuwakabili. Mwanzoni mwa 1889 Bunge la Ujerumani, Reichstag, liliidhinisha marki milioni 2, na Hermann Wissmann akatumwa pamoja na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Kuanzia tarehe 1 Januari 1891 nchi ilishikwa na Dola yenyewe.

2. Mafahali wawili

Gavana wa kwanza, Julius von Soden, hakuwa askari. Alikuwa ametoka kuwa Gavana wa Kamerun, na alitaka kuimarisha biashara na amani ya pwani kabla ya kupigana bara. Lakini sheria ya tarehe 22 Machi 1891, iliyounda Jeshi la Ulinzi, yaani Schutztruppe, iliweka jeshi hilo chini ya mabwana wawili. Kwa habari ya mpangilio na nidhamu, lilikuwa chini ya Ofisi ya Jeshi la Majini. Kwa habari ya matumizi yake katika koloni, lilikuwa chini ya Gavana, ambaye naye aliwajibika kwa Idara ya Makoloni iliyokuwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Afisa mwenye kiu ya sifa za vita alikuwa na sababu ndogo ya kumsikiliza Gavana, kwa kuwa nidhamu yake ilitazamwa na ofisi nyingine.

Matokeo yalionekana upesi. Tarehe 17 Agosti 1891 kamanda wa jeshi, Emil von Zelewski, aliuawa huko Lugalo na majeshi ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Juni 1892 afisa mwingine, von Bülow, aliuawa Moshi akipigana na Mangi Meli. Soden aliondoka 1893, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanajeshi, Kanali von Schele, aliyeshika ugavana na ukamanda kwa pamoja. Yeye aliwashinda watu wa Meli Agosti 1893, na tarehe 30 Oktoba 1894 aliivamia ngome ya Kalenga. Hata hivyo, naye aligombana na Idara ya Makoloni, akaondoka 1895.

Wissmann aliporudi akiwa Gavana, ukamanda ulikuwa mikononi mwa Lothar von Trotha. Shujaa huyo wa vita vya pwani alijikuta Gavana asiye na jeshi lake, na 1896 akajiuzulu. Mwaka huo huo sheria mpya iliondoa jeshi chini ya Ofisi ya Majini, ikaliweka chini ya Chansela na Idara ya Makoloni. Magavana wawili waliofuata, von Liebert na von Götzen, walikuwa wanajeshi.

Yafaa kukumbuka kwamba Trotha huyo ndiye aliyepelekwa Namibia mwaka 1904 kupigana na Waherero. Huko Gavana Leutwein, ambaye hadi hapo alikuwa akiongoza vita, aliwekwa kando. Tarehe 2 Oktoba 1904 Trotha alitoa tangazo kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka atapigwa risasi. Amri hiyo ilitenguliwa kutoka Berlin mwezi Desemba, baada ya maelfu kufia jangwani.

3. Mfuko wa fedha

Nguzo ya tatu ilikuwa hazina. Sheria ya tarehe 30 Machi 1892 iliagiza kwamba mapato na matumizi yote ya makoloni yakadiriwe kila mwaka na kupitishwa kwa sheria. Hivyo wabunge walipata nafasi ya kuuliza maswali kila mwaka. Machi 1896, katika mjadala wa bajeti ya makoloni, mbunge August Bebel alifichua ukatili wa Carl Peters, aliyewanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja alipokuwa mwakilishi wa Dola Kilimanjaro, katika miaka ya 1891 na 1892. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimwachisha Peters kazi.

Lakini mfuko huo ulikuwa na upande wa pili. Bunge lilisitasita kulipa gharama za koloni, kwa hiyo mzigo ukasukumwa kwa wenyeji. Mwaka 1897 Gavana Liebert alitangaza kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Aliyekosa fedha alifanyishwa kazi. Wabunge waliokagua matumizi ya marki hawakuwa wakiona jinsi rupia ilivyokusanywa.

4. Bomani

Huko wilayani madaraka yote matatu yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mfano ulio wazi ni wa Kapteni Kurt Johannes wa Moshi. Yeye alikuwa mkuu wa kituo, kiongozi wa askari, mkusanya kodi na hakimu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru. Walikuwa wageni wenye nia ya kuhubiri, lakini Johannes alikuwa na askari wake jirani, na kwa wenyeji haikuwa rahisi kutenganisha misheni na boma. Yaliyofuata yalikuwa mashambulizi ya kulipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha.

Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli na wenzake 18 walinyongwa Moshi kwa tuhuma za kupanga njama. Aliyewatuhumu, aliyewahukumu na aliyesimamia kunyongwa kwao walikuwa wa boma lile lile.

5. Maji Maji na mageuzi

Julai 1905, katika Umatumbi, watu walianza kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaenea kusini. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000. Wengi waliuawa na njaa, kwa kuwa majeshi yalichoma mashamba na maghala.

Ndipo mageuzi yakaja. Mwaka 1906 Albrecht von Rechenberg, aliyewahi kuwa konseli Zanzibar, akawa Gavana wa kwanza wa kiraia tangu Soden. Mwaka 1907 Idara ya Makoloni ikawa ofisi kamili ya Dola chini ya Bernhard Dernburg, ambaye mwaka huo huo alikuja kuitembelea nchi hii. Kufikia 1914 ni Iringa na Mahenge tu zilizobaki wilaya za kijeshi, mbali na Bukoba, Ruanda na Urundi zilizokuwa na Maresidenti.

6. Mwisho wa mgawanyo

Vita Kuu ilirudisha ugomvi wa zamani. Kisheria Gavana Heinrich Schnee ndiye aliyekuwa na mamlaka ya juu ya kijeshi, naye alitaka Dar es Salaam na Tanga zisipiganiwe. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck hakukubali. Baada ya ushindi wake Tanga, Novemba 1914, sauti ya Gavana ilififia. Fedha nazo zilifuata vita: noti za dharura zilichapwa, na mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 ziligongwa Tabora. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, chakula kilinyang'anywa vijijini, na njaa ikafuata. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, akiwa bado na Schnee katika msafara wake.

Hitimisho

Kwa miaka zaidi ya thelathini Wajerumani waligawa madaraka, wakayaunganisha, wakayagawa tena. Walifanya hivyo kwa kuangalia nani kati yao awe juu ya mwenzake. Bebel aliweza kuuliza habari za Peters kwa kuwa hesabu za koloni zililetwa mbele yake kila mwaka. Mangi Meli, mkulima wa Umatumbi na mpagazi wa 1917 hawakuwa na mahali pa kuuliza, kwa maana kila mlango waliobisha ulikuwa mlango wa boma.