Chuo Kwanza, Timu Baadaye: Mwanariadha Mwenye Alama ya C Achague Vipi



Matokeo ya KCSE yakitoka, kuna kijana anayejulikana kijijini kwa mbio zake kuliko kwa vitabu vyake. Amewakilisha shule katika mita 5,000, na cheti chake kina alama ya C. Hakufeli, lakini hakufikisha C+, kiwango cha chini cha kusomea shahada katika vyuo vikuu vya Kenya. Hapo hujitokeza mtu wa kuiambia familia kwamba mbio hizo zinatosha kumfikisha Marekani, mradi atangulizwe pesa. Bonasi ya majani chai huishia hapo, na mara nyingine kipande cha shamba.

Ndoto yenyewe si mbaya. Katika Olimpiki za Munich mwaka wa 1972, Kenya ilishinda dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanariadha wanne. Watatu kati yao, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, walitoka Gusii. Ouko, mzaliwa wa Manga, alisoma North Carolina Central, chuo ambacho si miongoni mwa vile vikubwa vinavyotajwa kila siku. Yobes Ondieki wa Kisii alipitia chuo kikuu cha Iowa State. Mwaka wa 1991 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000, na tarehe 10 Julai 1993 mjini Oslo akawa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27.

Hao walifika kileleni. Wengi wanaokwenda kusoma kwa riadha hawafiki huko, na wengine huumia goti kabla ya mwaka wa pili kwisha. Kwa hiyo kijana na mzazi wachague chuo ambacho kijana angekubali kubaki hata kama hangeweza tena kukimbia. Kozi itangulie, timu ifuate.

Hatua ya kwanza ni kusoma alama kwa ukweli. Hapa nchini, C- hufungua mlango wa diploma, na D hufungua mlango wa kozi za cheti, ingawa kozi nyingine huhitaji zaidi katika masomo fulani. Maombi hupitia KUCCPS. Nyumbani kuna Kisii National Polytechnic na Nyamira National Polytechnic. Mwenye diploma anaweza kuendelea hadi shahada baadaye. Akisomea karibu, anabaki na kocha wake, na bado anaweza kuonekana na timu za Polisi, Magereza na Jeshi, ambazo kwa miaka mingi zimelea wanariadha wa Kenya.

Hatua ya pili, kwa anayetazama Marekani, ni kujua kwamba vyuo vya huko havifanani. Chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kina madaraja matatu. Daraja la kwanza hudai wastani wa 2.3 kati ya 4.0 katika masomo ya msingi kama Kiingereza, hisabati na sayansi. La pili hudai 2.2. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Tangu msimu wa 2025, vyuo vikubwa vilivyoingia katika utaratibu mpya vina kikomo cha wanariadha 17 katika timu ya mbio za nyika, hivyo nafasi za mkimbiaji wa kawaida zimepungua. Kwa mwenye alama za wastani, chuo cha miaka miwili chini ya chama cha NJCAA huwa mlango mzuri zaidi. Baadhi ya vyuo hivyo hutoa ufadhili, na mwanafunzi akifanya vizuri darasani huhamia chuo cha miaka minne.

Hatua ya tatu ni hesabu. Neno “ufadhili” halimaanishi kila kitu kimelipwa. Tuseme chuo kinagharimu dola 30,000 kwa mwaka na ufadhili ni asilimia 60. Zinabaki dola 12,000, ambazo kwa shilingi 130 kwa dola ni zaidi ya shilingi milioni 1.5, kila mwaka. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo mwaka wa kwanza, na ndani ya chuo kikomo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kijana hawezi kulipa pengo hilo kwa jasho lake.

Kwa hiyo kocha wa chuo aulizwe haya, na ajibu kwa maandishi: Ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi? Unalipia nini kati ya karo, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya? Mwanafunzi akiumia, utaendelea? Wangapi kati ya wanariadha wa chuo hicho humaliza masomo? Kocha anayekwepa swali la mwisho amekwisha kujibu.

Hati nazo ziwe safi. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na pasipoti. Umri uliopunguzwa ili kushinda mbio za vijana unaweza kumfungia kijana mlango miaka mingi baadaye. Fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza, hutolewa na chuo chenyewe. Wakala hawezi kuiuza, na viza huamuliwa na ubalozi peke yake. Anayedai kuhakikisha viza kwa pesa anadanganya.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana mwenye C na miguu mizuri ana vitu viwili vya thamani. Aombe nafasi ya diploma kupitia KUCCPS muda ukiwa wazi, huku akiandikia makocha na kuwatumia muda wake halisi wa mbio. Jibu la ng’ambo likija na hesabu ikikubali, aende kwa amani. Lisipokuja, muhula utamkuta darasani.