Waraka Uliotoka Baada ya Mashtaka Kuondolewa

Katika Mahakama ya Voi, mfugaji aliyeshtakiwa kwa kulisha ng'ombe ndani ya Mbuga ya Tsavo husomewa mashtaka hadharani, na ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotolewa dhidi yake. Katika kesi ya Uhuru Kenyatta, aliyefika The Hague tarehe 8 Oktoba 2014 akiwa rais wa kwanza aliye madarakani kusimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, umma ulisubiri zaidi: Mwendesha Mashtaka, Fatou Bensouda, aliondoa mashtaka ya ghasia za baada ya uchaguzi huko Nakuru na Naivasha tarehe 5 Desemba, na ni Januari 2015 ndipo ulipotolewa muhtasari wa kabla ya kesi, yaani waraka unaoeleza ushahidi uliokusudiwa kutolewa, sehemu za kuwatambulisha mashahidi zikiwa zimefichwa. Kenyatta alikuwa ameyakana madai hayo tangu mwanzo, na kwa haki kabisa inafaa kukumbukwa kwamba dai ambalo halijahojiwa na wakili wa utetezi si hukumu. Hata hivyo, kuufungia waraka huo kabatini kungewadhulumu zaidi walionusurika katika ghasia hizo, pamoja na mlipa kodi wa Taita Taveta, ambaye majaji walisema serikali yake haikutoa ushirikiano wa kutosha. Mashtaka yaliondolewa bila mshtakiwa kutangazwa kuwa hana hatia, hivyo yangeweza kurejeshwa iwapo ungepatikana ushahidi mpya.