Bitana Laini ya Meno ya Bandia: Uliza Kabla ya Kulipa

(Muziki unashuka.)

Leo niko Mengo, Kampala. Nimemsindikiza bibi yangu kwa fundi wa meno ya bandia.

Kama unatumia meno hayo, unajua ufizi hupungua na meno huanza kusugua. Hapo fundi huweka ndani bitana laini, kama godoro dogo. Bibi aliwekewa yake mahali pengine miezi minane iliyopita. Hakuna aliyemwambia kuwa ni ya muda. Ikawa ngumu, ikanuka, ikamtia vidonda. Ugali ukamshinda, akabaki na uji.

Kwa nini iligeuka? Bitana nyingi za akriliki hulainishwa kwa kemikali ya majimaji. Kemikali hiyo haikushikamana na plastiki. Hutoka kidogo kidogo na mate, nawe unaimeza. Ikipungua, bitana hukakamaa.

Baadhi ya vilainishi hivyo huitwa fathaleti. Kimoja, dibutili fathaleti, Ulaya imekiweka katika orodha ya kemikali zinazoweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba fathaleti tatu, hiyo ikiwemo, zisizidi asilimia 0.1 katika plastiki ya vitu vya kuchezea watoto. Mtoto hutia kitu mdomoni kidogo, akakitupa. Bitana ya bibi inakaa mdomoni mchana kutwa.

Usiogope, wala usitupe meno yako. Zipo bitana za silikoni, zisizotegemea kilainishi cha namna hiyo. Hukaa laini muda mrefu zaidi, ingawa bei yake huwa juu. Zipo pia za akriliki zenye sitreti, kilainishi kinachotokana na asidi kama ile ya limau.

Muulize fundi maswali matatu: Hii ina fathaleti? Nirudi lini kuibadilisha? Naweza kuona kopo lake?

Nyumbani, vua meno usiku na uyaoshe kwa maji baridi, si ya moto. Bitana ikiwa ngumu, rudi kwa fundi. Usiikwangue kwa kisu.

Bibi ameuliza yote matatu. Fundi akacheka: "Jaja, wewe ni wa kwanza kuniuliza." Kisha akaleta kopo, tukasoma pamoja.

Usiwe wa mwisho. Mwambie na mzee jirani yako.

(Muziki unapanda.)