KIONGOZI HUPIMWA NGAZI YA CHINI



Leo tuzungumze juu ya mtu aliyepanda ngazi ya uongozi, kutoka mji wake hadi ikulu. Jina lake ni Joko Widodo. Watu wa kwao humwita Jokowi. Kwao ni Indonesia, nchi ya visiwa vingi huko Asia. Mwezi wa Agosti 2023 alifika Dar es Salaam kuonana na viongozi wetu.

Jokowi alizaliwa mwaka 1961 katika mji wa Solo. Baba yake aliuza mbao. Walikaa kando ya mto, na utotoni mwake walihamishwa kwa nguvu. Alipokua alisomea misitu, kisha akawa mtengenezaji wa meza na viti.

Mwaka 2005 wananchi wa Indonesia walianza kuchagua mameya kwa kura zao wenyewe. Zamani walichaguliwa na madiwani. Jokowi akasimama, akawa Meya wa Solo. Lakini hakupata hata kura 4 katika kila 10. Wengi hawakumwamini bado.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Wachuuzi karibu 1,000 walikuwa wamejaza bustani ya mji. Kutuma askari kungekuwa rahisi. Yeye akawaita wale chakula cha mchana. Mwenyewe amesimulia kwamba walikula pamoja mara 54! Mara za mwanzo walikula tu, hakutaja habari ya kuhama. Wao wakaeleza hofu yao: je, huko soko jipya wateja watafika? Mwaka 2006 walihama kwa maandamano ya shangwe, bila mtu kupigwa. Vibanda walipewa bure, wakawa wanalipa ushuru mdogo wa kila siku.

Basi mwaka 2010 alipata kura zaidi ya 9 katika kila 10. Mwaka 2012 akawa Gavana wa Jakarta, na mwaka 2014 akawa Rais. Alikaa miaka 10.

Lakini jamani, mambo hayakuishia hapo. Sheria ya kwao ilitaka Makamu wa Rais awe na umri wa miaka 40. Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ikasema kwamba aliyewahi kuchaguliwa kuongoza mji au mkoa anaweza kugombea hata kabla ya umri huo. Mkuu wa mahakama hiyo alikuwa shemeji yake Jokowi. Mtoto wa Jokowi, Gibran, alikuwa na miaka 36, naye alikuwa Meya wa Solo tangu 2021. Akagombea, na Oktoba 2024 akawa Makamu wa Rais. Yule jaji aliondolewa katika ukuu wa mahakama kwa kuvunja maadili, lakini uamuzi ulibaki.

Tunajifunza nini? Kwanza, tumpime kiongozi angali chini, kijijini na kwenye kata. Je, anasikiliza kabla ya kuamua? Pili, akishapanda tusilale. Aliyekula na wachuuzi jana, kesho aweza kuwakumbuka jamaa zake tu.

Sisi tunajua kusoma. Kwa sheria yetu, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Twende. Tudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe, nasi tuisome kwa macho yetu. Tusiridhike kupiga makofi tu.